Vita vya Uhuru wa Marekani: Jirani Dhidi ya Jirani

Julai 4, 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze uhuru, na kadiri siku hiyo inavyozungumzwa ndivyo maneno yanavyochanganyika. Wapo wanaosema Wamarekani walimng'oa mkoloni Mwingereza kama sisi tulivyomng'oa miaka ya 1960. Wapo wanaowajibu kwamba Wamarekani hao wenyewe ndio waliokuwa wakoloni, sasa walijikomboa kutoka kwa nani? Na akitokea mtu akataja kwamba maelfu ya watu weusi walikimbilia upande wa mfalme wa Uingereza, mjadala unageuka ugomvi: walikuwa wasaliti, au walikuwa na akili kuliko wote?

Maswali hayo yana mzizi mmoja. Tumezoea kuihesabu vita ile kuwa ya pande mbili zinazojulikana, Wamarekani huku na Waingereza kule. Lakini katika miaka minane ya mapigano, kuanzia 1775 hadi 1783, mara nyingi Mmarekani ndiye aliyempiga Mmarekani: jirani kwa jirani, mpangaji na mwenye shamba, hata baba na mwanawe. Na mtu wa kawaida alipochagua upande, mara chache alikuwa akipima uhuru na ufalme kwenye mizani. Alikuwa akiwatazama watu waliosimama karibu na mlango wake, akijiuliza ni yupi anayeweza kumlinda na ni yupi anayeweza kumchomea nyumba.

Nani alikuwa nani

Mwaka 1776 Uingereza ilikuwa na makoloni 13 kwenye pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kutoka New Hampshire upande wa kaskazini hadi Georgia upande wa kusini. Wakazi wake walikuwa kama milioni 2.5. Wengi wao walikuwa walowezi, yaani watu waliohamia kutoka Uingereza, Scotland, Ireland, Ujerumani au Uholanzi, pamoja na watoto na wajukuu wao waliozaliwa hukohuko. Karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa mweusi, na idadi kubwa mno ya hao weusi walikuwa watumwa. Nje kabisa ya hesabu hiyo walikuwapo wenyeji wa asili, wenye ardhi yao, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa koloni au taifa.

Kwa hiyo waliodai uhuru walikuwa walowezi waliotaka kujitawala. Msomaji wa Afrika Mashariki akitafuta kisa cha kukifananisha, Tanganyika ya 1961 haimsaidii sana. Rhodesia ya Novemba 1965 inamsaidia zaidi. Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru kutoka Uingereza kwa tangazo lililoiga kwa makusudi mwendo wa maneno ya Wamarekani wa 1776, ila ile sentensi ya watu wote kuumbwa sawa wakairuka. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu London ilishindwa kuwazima. Mfanano huo una mipaka yake: huko Marekani walowezi walikuwa ndio wengi, Rhodesia walikuwa kiganja cha watu. Lakini unatosha kuiondoa ile picha ya kwanza iliyomo vichwani mwetu.

Ndani ya walowezi hao kulikuwa na makundi matatu. Watiifu walitaka makoloni yabaki chini ya mfalme George wa Tatu. Wazalendo walitaka kujitenga, na majeshi ya mfalme yaliwaita waasi. Kundi la tatu halina jina zuri: ni watu waliotaka kulima, kuuza na kulala salama, na waliyumba kufuatana na jeshi lililokuwa karibu.

Hapa kuna hesabu moja inayorudiwa kila mahali, kwamba theluthi moja walikuwa wazalendo, theluthi watiifu, theluthi ya mwisho hawakuwa na upande. Hesabu hiyo husemwa kuwa ya John Adams, rais wa pili wa Marekani. Barua inayotajwa aliiandika mwaka 1815, na pale alipozungumzia theluthi alikuwa akieleza maoni ya Wamarekani kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, siyo vita yao wenyewe. Wanahistoria waliopiga hesabu upya wanawaweka watiifu kwenye asilimia 15 hadi 20 ya walowezi weupe, na wazalendo wa dhati asilimia 40 hadi 45. Waliobaki ni hao wa kuyumba. Hata ukichukua kiwango cha chini, watiifu walikuwa laki kadhaa, na makumi ya maelfu yao walibeba silaha kwa ajili ya mfalme.

Ugomvi ulianzia wapi

Uingereza ilitoka kwenye Vita ya Miaka Saba mwaka 1763 ikiwa mshindi na ikiwa na deni kubwa. Sehemu ya vita hiyo ilipiganwa Amerika, kuwalinda walowezi dhidi ya Wafaransa, kwa hiyo Bunge la London likaona ni haki walowezi nao wachangie. Mwaka 1765 likapitisha Sheria ya Stempu: kila hati ya kisheria, kila gazeti, hata karata za kuchezea, vilipiwe ushuru wa stempu.

Watu hudhani walowezi waliasi kwa sababu kodi zilikuwa nzito. Hapana. Walilipa kodi ndogo kuliko ndugu zao waliobaki Uingereza. Sheria ya Chai ya mwaka 1773, iliyosababisha chai kumwagwa baharini katika bandari ya Boston usiku wa Desemba 16, kwa kweli ilikuwa inashusha bei ya chai halali.

Chukua mfano wa mchango wa harusi. Kamati imeketi mjini, wewe hukuitwa kikaoni wala hukuwa na wa kukusemea, kisha unaletewa ujumbe kwamba umepangiwa kiasi fulani na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Kiasi chenyewe pengine unakimudu. Kinachokuchoma ni kupangiwa. Walowezi hawakuwa na mbunge hata mmoja London, na walikuwa na mabunge yao madogo yaliyozoea kuwatoza wao wenyewe. Sasa katika ukoo huo uliopangiwa mchango, yuko atakayesema twende kikaoni tukalalamike, na yuko atakayesema tujitoe kabisa. Wote wawili wamekasirika, tena kwa sababu ileile.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani mtiifu alikuwa mtu aliyezipenda kodi za London. Thomas Hutchinson, gavana wa Massachusetts, alizaliwa Boston katika familia iliyokuwa imeishi huko tangu miaka ya 1630. Faraghani aliipinga Sheria ya Stempu akiona ni kosa. Haikumsaidia. Usiku wa Agosti 26, 1765 kundi la watu lilivamia nyumba yake, likavunja milango na kuta za ndani, likabeba fedha na vyombo na kutawanya miswada yake ya historia ya koloni hilo kwenye matope. Aliondoka kwenda Uingereza mwaka 1774 akidhani anakwenda kwa muda. Alifia huko 1780, akiwa bado anatamani kurudi.

Joseph Galloway wa Pennsylvania alikwenda mbali zaidi. Wawakilishi wa makoloni walipokutana Philadelphia mwezi Septemba 1774 katika Kongresi ya kwanza, alipendekeza liundwe bunge la Amerika yote litakalofanya kazi sambamba na Bunge la London, ili sheria yoyote inayowahusu walowezi ipite kote kuwili. Pendekezo lake liliwekwa kando kwa tofauti ya kura ya koloni moja, na baadaye likafutwa kwenye kumbukumbu za kikao kana kwamba halikutolewa. Miaka minne baadaye Galloway alikuwa mkimbizi London.

Na John Dickinson, ambaye barua zake magazetini za kupinga kodi zilisomwa katika makoloni yote, alikataa kusaini Tangazo la Uhuru. Aliona ni mapema mno, ni kama kuingia kwenye dhoruba kwa mashua ya karatasi. Kisha, bila kusaini, akaenda kuongoza kikosi chake cha wanamgambo dhidi ya jeshi la mfalme. Mtu huyu umweke fungu gani?

Baba na mwana

Kama kuna nyumba moja inayoonyesha mpasuko wote, ni ya Benjamin Franklin. Mzee huyu, mchapishaji na mwanasayansi, ni miongoni mwa waliosaini Tangazo la 1776. Mwanawe William alikuwa gavana wa New Jersey kwa uteuzi wa mfalme tangu 1763, cheo alichokipata baba akiwa bado na marafiki wakubwa London. Kwa miaka mingi walikuwa kitu kimoja. William ndiye aliyekuwa pamoja naye katika lile jaribio maarufu la tiara na radi.

Mambo yalipochacha, William aliona kiapo chake cha ugavana hakina mlango wa nyuma. Alilishauri bunge la New Jersey limwandikie mfalme maombi badala ya kufuata njia ya Kongresi. Juni 1776 alikamatwa akapelekwa kufungwa Connecticut. Baada ya kugundulika kwamba alikuwa akitoa hati za msamaha wa mfalme akiwa kizuizini, alitiwa kwenye chumba cha peke yake kwa miezi kadhaa. Mkewe Elizabeth alikuwa anaumwa New York. William aliomba ruhusa ya kumwona, George Washington, mkuu wa jeshi la wazalendo, akaipeleka barua kwa Kongresi, Kongresi ikakataa. Elizabeth alifariki 1777. William alipoachiliwa 1778 kwa kubadilishana wafungwa hakuwa tena gavana mpole wa kuandika maombi: alikaa New York akiwaongoza watiifu waliofanya mashambulizi ya kulipiza kisasi.

Mwaka 1784, vita vikiwa vimekwisha, mwana alimwandikia baba akitaka wapatane. Mzee alijibu kwamba hakuna jambo lililowahi kumuumiza kama kuachwa uzeeni na mwanawe wa pekee, tena akamkuta ameshika silaha dhidi yake katika jambo ambalo jina lake, mali yake na uhai wake vilikuwa hatarini. Walionana mara moja tu, Southampton mwaka 1785, wakamalizana habari za madeni na mashamba. Katika wosia baba alimwachia karibu na bure, na akaeleza sababu: kama mwanawe angeshinda, yeye asingekuwa na mali yoyote ya kurithisha.

Mimi huona ugumu kumhukumu William. Alifanya alichoapa kufanya. Baba yake ndiye aliyebadilika, na historia ikampa haki aliyebadilika.

Sababu zilizo karibu na mlango

Wakubwa kama hawa waliacha barua, ndiyo maana tunawajua. Wadogo walio wengi waliamua kwa mambo ya mtaani kwao, na hapo ndipo hadithi inapokuwa tamu.

Tazama bonde la mto Hudson, koloni la New York. Familia ya Livingston ilimiliki ardhi kubwa mno iliyolimwa na wapangaji, nayo ilikuwa upande wa wazalendo. Wapangaji wake wakafanya hesabu nyepesi: kama bwana shamba ni mzalendo, sisi ni watu wa mfalme, na mfalme akishinda huenda akatupa ardhi hii tunayolipia kodi. Mwaka 1777 wengi wao waliinuka kwa jina la mfalme, wakazimwa na wanamgambo. Kusini kidogo ya hapo, Frederick Philipse alikuwa mtiifu. Ardhi yake ilitaifishwa na serikali ya wazalendo na kuuzwa vipande vipande, na wapangaji wengi waliokuwa wakiilima wakawa wamiliki. Wapangaji wa pande zote mbili walitaka kitu kilekile.

Kwa hiyo dhana kwamba watiifu walikuwa matajiri wa mjini na wazalendo walikuwa wakulima maskini haisimami. Washington na Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru, walikuwa na mamia ya watumwa na maelfu ya ekari. Miongoni mwa watiifu walikuwapo mafundi, wavuvi, wahamiaji wapya, na wachungaji wa Kanisa la Anglikana ambao kila Jumapili walitakiwa na kitabu chao cha sala kumwombea mfalme, na walikuwa wameapa kwa Mungu kwamba watamtii.

Kisa cha Waskoti wa North Carolina kinashangaza zaidi. Hao ni watu wa nyanda za juu za Scotland, ambao baba zao walipigana na babu yake George wa Tatu na kusagwa vibaya pale Culloden mwaka 1746. Ungetarajia wawe wa kwanza kuasi. Flora MacDonald, mwanamke aliyepata umaarufu kwa kumtorosha mwanamfalme Charles Stuart baada ya kushindwa huko, alihamia North Carolina mwaka 1774. Vita vilipoanza, yeye na mumewe walikuwa upande wa mfalme. Waliijua bei ya kuasi na kushindwa. Wengi wao walikuwa wamekula kiapo cha utii, na ardhi waliyoahidiwa ilitoka kwa serikali ya mfalme. Tarehe 27 Februari 1776 walishambulia kwa mapanga kwenye daraja la Moore's Creek, wakakuta mbao zimeng'olewa na magogo yaliyobaki yamepakwa sabuni na mafuta. Mume wa Flora alitekwa.

Kukaa pembeni hakukuruhusiwa

Kundi la katikati ndilo lililopata shida ambayo haiandikwi sana. Kuanzia mwisho wa 1774 kila mji ulitakiwa uwe na kamati ya kuangalia nani bado ananunua bidhaa za Uingereza. Majina ya wakaidi yalichapishwa magazetini ili watu wasifanye nao biashara. Baadaye zikaja sheria za viapo: Pennsylvania, mwaka 1777, mwanamume asiyeapa kuitii serikali mpya hakuweza kupiga kura, kudai deni mahakamani wala kununua ardhi. Mahali pengine hawakungoja sheria. Mtu alivuliwa nguo, akapakwa lami ya moto, akamiminiwa manyoya ya ndege na kuzungushwa mjini kwenye mkokoteni. Vitabu vya watoto huchora jambo hilo kama mzaha. Lami ya moto huchuna ngozi.

Waquaker wa Philadelphia, ambao dini yao inawakataza kupigana na pia kuapa, walikataa pande zote mbili. Mwaka 1777 wanaume kama 20 miongoni mwao walihamishiwa Winchester, Virginia, bila kufikishwa mahakamani. Wawili walifia huko.

Waingereza nao hawakujua kumtumia mtu wa katikati, na nadhani hapo ndipo walipoipoteza vita kuliko kwenye uwanja wowote wa mapambano. Mwishoni mwa 1776 Jenerali William Howe aliteka sehemu kubwa ya New Jersey na kutoa msamaha kwa kila atakayeapa kumtii mfalme ndani ya siku 60. Maelfu walijitokeza wakachukua hati zao. Kisha askari wa mfalme, pamoja na wale wa kukodiwa kutoka Ujerumani, wakapora mifugo na samani bila kujali nani ana hati na nani hana. Januari 1777 Washington akatoa tangazo lake: leteni hizo hati mzisalimishe na kuiapia Marekani, au ndani ya siku 30 hamieni kwa Waingereza. Wengi walizisalimisha. Mkulima mmoja angeweza hivyo kuapa mara mbili ndani ya miezi miwili, na mara zote mbili akamaanisha kitu kimoja tu, kwamba aachiwe ng'ombe wake.

Kosa hilo lilirudiwa kusini. Mji wa Charleston uliangukia mikononi mwa Waingereza Mei 1780, na wazalendo wengi wa South Carolina wakaahidi kwa maandishi kukaa nyumbani wasipigane tena. Walikuwa wamechoka. Tarehe 3 Juni Jenerali Henry Clinton akatangaza kwamba kukaa nyumbani hakutoshi: waape na kumuunga mkono mfalme kwa vitendo, la sivyo watahesabiwa waasi. Waliokuwa wametulia wakaona kama ni lazima kupigana, basi watapigana na aliyewalazimisha. Miezi minne baadaye, pale Kings Mountain, watu karibu 2,000 walipambana mlimani, na Mwingereza aliyejulikana hapo alikuwa karibu mmoja tu, kamanda wa watiifu Patrick Ferguson, naye ni Mskoti. Wengine wote, wa juu na wa chini, walikuwa Wamarekani. Ferguson aliuawa, na baadhi ya watiifu walipigwa risasi wakiwa wameshainua mikono kujisalimisha.

Kwa kupita tu: Benedict Arnold, anayetajwa kila mara usaliti unapozungumzwa, si mfano wa mtiifu. Alikuwa jenerali wa wazalendo aliyejaribu kuwauzia Waingereza ngome ya West Point mwaka 1780 kwa fedha na cheo. 

Uhuru wa nani

Sasa tuje kwa watu weusi. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote atakayekimbilia jeshi la mfalme na anayeweza kubeba silaha atakuwa huru. Soma masharti vizuri: mtumwa wa mwasi. Mtumwa wa mtiifu alibaki mtumwa, na Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa. Ilikuwa mbinu ya vita. Hata hivyo mamia walifika kwake katika majuma machache, wakaundiwa kikosi, na wengi wao wakafa kwa ndui kambini. Mwaka 1779 Clinton alipanua ahadi hiyo kwa watumwa wote wa waasi watakaovuka, wawe askari au la, na kwa vita nzima maelfu kwa maelfu walitoroka.

Upande wa wazalendo nako walikuwapo weusi, kama 5,000 kwa makadirio ya kawaida. Rhode Island mwaka 1778 iliunda kikosi kwa kuwaahidi watumwa uhuru wao. Kwa hiyo swali la nani alikuwa msaliti halina maana hapa. Mtu aliyemilikiwa na mwenzake hakuwa na nchi ya kuisaliti. Alitazama ni jeshi lipi limeahidi, ni lipi liko karibu, na kama mama na watoto wanaweza kutembea usiku mpaka huko.

Kwa wenyeji wa asili hesabu ilikuwa ya ardhi. Mwaka 1763 mfalme alikuwa amechora mpaka kwenye milima ya Appalachia akawakataza walowezi kuuvuka. Wengi waliuvuka, na kukatazwa huko kukawa moja ya manung'uniko yao. Thayendanegea, kiongozi wa Wamohawk anayejulikana pia kama Joseph Brant, alisafiri hadi London, akarudi na uamuzi kwamba mfalme aliye mbali ni afadhali kuliko mlowezi aliye jirani. Lakini shirikisho la mataifa sita ya Wahaudenosaunee, lililokaa pamoja tangu kabla ya makoloni hayo kuwapo, lilipasuka. Wamohawk, Waseneca, Wacayuga na Waonondaga wengi walikwenda na mfalme. Waoneida na Watuscarora wengi walikwenda na wazalendo. Agosti 1777, pale Oriskany, waliuana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1779 jeshi la Washington lilichoma vijiji vyao zaidi ya 40 pamoja na mahindi shambani. Mkataba wa amani wa 1783 haukuwataja hata kwa mstari mmoja, na Waoneida, waliokuwa upande ulioshinda, nao wakaja kupoteza karibu ardhi yao yote kwa jimbo la New York.

Baada ya vita

Mkataba huo uliwataja watiifu, lakini kwa maneno laini: Kongresi itayapendekezea majimbo yawarudishie mali. Majimbo mengi yalipuuza. Walikuwapo waliotaka wasamehewe, na mkubwa wao ni Alexander Hamilton, mwanasheria wa upande wa wazalendo, aliyewatetea mahakamani New York akisema nchi changa haiwezi kufukuza mitaji na mafundi wake. Watiifu wengi walibaki, wakanyamaza, na baada ya miaka michache majirani wakaacha kuuliza.

Wengine kama 60,000 waliondoka, wakiwa na watumwa wapatao 15,000. Zaidi ya nusu ya waliohama walikwenda Nova Scotia na Quebec, na wingi wao ukafanya koloni jipya la New Brunswick likatwe mwaka 1784. Kanada inayozungumza Kiingereza ilianzia hapo kwa sehemu kubwa. Wengine walikwenda Jamaica, Bahamas na Uingereza. London iliunda tume ya fidia iliyopokea madai zaidi ya 3,000 na kulipa kama pauni milioni 3. Aliyekuwa na hati na mashahidi alilipwa. Mjane, fundi na mtu mweusi mara nyingi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Grace Galloway, mke wa yule Joseph, alikuwa amebaki Philadelphia peke yake kuulinda urithi aliopata kwa baba yake. Mwaka 1778 alitolewa nyumbani kwake kwa nguvu, kwa kuwa sheria iliihesabu mali ya mke kuwa mkononi mwa mume. Alifariki 1782 bila kuipata.

New York ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho ya Waingereza, na Mei 1783 Washington alikwenda kuonana na Jenerali Guy Carleton kudai watumwa waliotoroka warudishwe. Carleton akamjibu kwamba waliahidiwa uhuru na ahadi ya mfalme haivunjwi. Yeye ataandika majina yao kwenye daftari ili, ikibidi, mabwana zao wa zamani walipwe fidia. Daftari hilo lina majina 3,000. Mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyetoroka mwaka 1776 kutoka Mount Vernon, shamba la Jenerali George Washington mwenyewe.

Nova Scotia haikuwapokea vizuri. Ardhi iliyoahidiwa ilichelewa au haikuja, na iliyokuja ilikuwa mawe. Januari 1792 watu karibu 1,200 walipanda meli 15 katika bandari ya Halifax wakavuka bahari kwenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown chini ya kampuni ya Waingereza wanaopinga utumwa. Harry alikuwamo. Kampuni ilikuwa imewaahidi ardhi bila kodi, kisha ikaanza kuwadai kodi ya ardhi, na maafisa wake ndio waliotunga sheria. Mwaka 1800 sehemu ya walowezi hao weusi walibandika sheria zao wenyewe na kuikataa mamlaka ya gavana. Waliasi juu ya kodi waliyopangiwa bila kuulizwa, jambo lilelile aliloliasi bwana wake wa zamani. Wawili walinyongwa. Harry Washington alihukumiwa kufukuzwa Freetown, akavushwa ng'ambo ya mto hadi pwani ya Bullom.